Damu ya Mzee Kwenye Kioo cha Kompyuta

Muyama hakuna reli. Kutoka vilima hivi vya migomba na maharage, katika nyanda za Kasulu ya zamani ambazo tangu 2012 ziko wilaya ya Buhigwe, anayetaka kuona treni sharti ateremke: ama aende Kigoma mjini, reli inakoishia, ama Uvinza, inakopita jirani na chumvi. Mtoto wa huku anaweza kumaliza darasa la saba hajaona kichwa cha treni isipokuwa kitabuni. Anachokijua ni mabasi. Basi likiwa bado kule bondeni, vumbi limelimeza nusu, atakutajia jina la kampuni kwa kuona mstari mmoja tu wa rangi ubavuni.

Jicho hilo ndilo lililoufanya mchezo wa Bus Simulator Indonesia ushike kasi kwenye simu za vijana wetu. Ulitoka mwaka 2017, na Waindonesia walioutengeneza walikuwa na mabasi ya kwao akilini, lakini waliacha mlango wazi: mchezaji anaruhusiwa kuondoa rangi za basi na kuweka zake. Vijana wa Tanzania na Kenya wakaingia kwa mlango huo. Basi lililochongwa kwa ajili ya barabara za Java leo linatembea limevaa rangi za mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza, na maneno ya kioo cha nyuma hayakusahauliwa. Wengi wao hawakupita darasa lolote la uchoraji wa kompyuta. Walijifunza kwa kuulizana, na kwa kukosolewa bila huruma na wenzao: mstari umepinda, buluu imezidi, hilo basi lilibadilisha rangi mwaka juzi.

Kwa treni, kazi ya namna hiyo imefanywa duniani kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2001 zilitoka simuleta mbili zilizofungua njia, Microsoft Train Simulator na Trainz ya kampuni ya Auran ya Australia. Baadaye watu wa kujitolea wakaandika Open Rails, programu ya bure inayoendesha treni na njia zilizotengenezwa kwa ajili ya ile ya Microsoft, na ambayo haidai kompyuta ya bei mbaya. Kila moja ya programu hizi imevuta mafundi wa aina mbili. Wapo wanaochonga umbo la kichwa cha treni kuanzia sifuri, nao ni wachache. Na wapo wanaochukua umbo lililokwisha kuchongwa, wakamwomba ruhusa mwenyewe, kisha wakalivalisha rangi za shirika jingine au za enzi nyingine. Hao wa pili ndio ninaowazungumzia, maana kijana aliyekwisha kuchora basi lake kwenye simu amebakiza hatua chache tu kuwa mmoja wao.

Tofauti iko kwenye ushahidi. Basi bado liko barabarani. Ukisahau mstari wake, keshokutwa litapita tena ulitazame. Dizeli ya mwaka 1972 haitapita tena ikiwa na sura ile ya mwaka 1972. Imepakwa rangi juu ya rangi, imebadilishwa herufi, imegongwa, imetolewa milango, au imekatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Anayetaka kuirudisha kwenye kioo cha kompyuta analazimika kuuliza maswali ambayo wanahistoria wetu, kwa kadiri wanavyoipenda reli, hawakujishughulisha nayo: mstari ulikuwa na upana gani? Uliishia kwenye mlango wa dereva au ulizunguka mpaka mbele? Herufi zilikuwa za manjano au nyeupe?

Kwa wenzetu waliopata bahati ya kuandikiwa, swali la namna hiyo hujibiwa dakika moja. Uingereza ilipoamua mwaka 1965 kuzipaka treni zake buluu, buluu hiyo ilipewa nambari katika orodha ya viwango vya rangi vya Kiingereza: 114. Fundi wa simuleta anaitafuta nambari, anaigeuza kuwa tarakimu za kompyuta, kazi imekwisha. Kule Marekani zile rangi nyekundu na fedha za reli ya Santa Fe, ambazo hata asiyejua treni amewahi kuziona kwenye filamu, zina mwaka wake, 1937, na zina jina la aliyezibuni, Leland Knickerbocker, mchoraji wa kampuni ya General Motors. Mchoraji! Sisi hata mameneja wakuu wetu wa reli ni wachache wanaoweza kutajwa kwa jina na msomaji wa kawaida, sembuse aliyeshika brashi.

Lakini rangi zilikuwepo, na zilisema mengi. Kwa mtu aliyesimama stesheni bila kusoma gazeti, ubavu wa kichwa cha treni ndiyo ilikuwa taarifa rasmi ya nani mwenye reli.

Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani, miaka miwili baada ya kufika Tabora. Waingereza wakairithi baada ya vita. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda likazaliwa shirika moja la Afrika Mashariki, ambalo wazee wengi bado wanalitaja kwa herufi zake za Kiingereza, EAR. Rangi iliyolitambulisha shirika hilo machoni pa watu ni ile tunayoiita damu ya mzee. Injini zake za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizotoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, zilivaa rangi hiyo kuanzia mbele hadi nyuma. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa tani zipatazo 250, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na zote mbili zimebeba majina ya milima iliyoko Tanzania: Mount Gelai na Mount Shengena. Mpare anayetaka kuuona mlima wake wa Shengena ukiwa na magurudumu aende Nairobi.

Nimezitaja za mvuke kwa sababu ndizo shule nzuri ya kazi hii hata kwa anayetaka dizeli. Daraja la 60, zilizoitangulia 59 kwa miaka miwili hivi, zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Ile yenye nambari 6006 iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika katika miaka ya 1930. Uhuru ulipokuja, vibao vya majina ya magavana vikang'olewa. Injini ni ileile, rangi ni ileile, njia ni ileile. Lakini anayeitengeneza ya mwaka 1956 sharti aweke kibao, na anayeitengeneza ya mwaka 1970 akikiweka amesema uongo. Tukio zima la kisiasa limekaa kwenye kipande cha shaba kisichozidi urefu wa mkono.

Dizeli za njia kuu ziliingia Afrika Mashariki mwaka 1960. Za kwanza zilikuwa za English Electric ya Uingereza, zikiitwa daraja la 90, zenye nguvu farasi 1,840. Baadaye shirika lilipopanga upya nambari zake zikawa daraja la 87, na hapo pana mtego wa kwanza kwa fundi wa simuleta: injini moja ina nambari mbili kutegemea mwaka. Mtego wa pili ni wa ramani. Mpaka mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, reli ya kati haikuwa imeungana kwa nchi kavu na reli ya Tanga, na kwa hiyo haikuwa imeungana na Kenya. Ukiona mtu ameitoa dizeli Mombasa na kuiingiza Tabora mwaka 1961 kwa magurudumu yake yenyewe, ujue amependezwa na rangi kuliko njia.

Inayotuhusu zaidi sisi wa Kigoma ni daraja la 88. Hizi zilitoka Canada, kiwanda cha Montreal Locomotive Works, kuanzia mwaka 1972, na baada ya shirika la Afrika Mashariki kugawanywa ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa reli yetu. Halafu likaja daraja la 73 kutoka India. Januari 1976 kiwanda cha Varanasi kilisafirisha nje ya India kichwa cha treni kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mnunuzi alikuwa Tanzania. Ukizitazama 88 na 73 zikiwa zimesimama pamoja huwezi kudhani ni ndugu, lakini ni ndugu. Babu yao ni mmoja: kampuni ya Alco ya Schenectady, jimbo la New York. Wacanada walikuwa tawi lake na Wahindi walipewa leseni ya kutengeneza mitambo yake. Alco yenyewe ilifunga kiwanda mwaka 1969. Kwa hiyo dizeli zilizokuwa zikinguruma usiku kati ya Kaliua na Uvinza katika miaka ya 1980 zilikuwa wajukuu wa kampuni iliyokwisha kufa, mmoja amelelewa Montreal, mwingine kando ya mto Ganges.

Undugu huo una faida ya moja kwa moja kwa fundi wa rangi. Daraja la 73 ni toleo la injini ya Kihindi iitwayo YDM-4, iliyotengenezwa kwa mamia na kuendeshwa kila pembe ya India kwenye reli ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli yetu ya kati. Wapenzi wa treni India ni wengi mno, na wameshaichonga YDM-4 kwa simuleta. Umbo lipo, basi. Lililobaki ni kulivua maandishi ya Kihindi, kurekebisha taa na vifungio vya mbele, na kulivalisha nguo zetu. Tahadhari moja tu: Uganda nao walikuwa na daraja la 73, nalo ni la Kijerumani, la Henschel. Ukitafuta picha kwa nambari peke yake utajikuta umekivalisha kichwa cha India mistari ya Kampala.

Kazi yenyewe ya kuvalisha inafanyikaje? Umbo la treni ndani ya kompyuta ni gamba tupu lililoundwa kwa pembetatu nyingi ndogo. Rangi yake haikai juu ya gamba. Inakaa kwenye picha bapa iliyotandazwa pembeni, mfano wa shati ambalo fundi cherehani amelifumua mishono yote akaviweka vipande mezani: mgongo huku, mikono kule, kola peke yake. Ubavu wa kushoto wa injini uko juu ya picha, wa kulia chini yake, paa limelala kwa upande, na mlango wa dereva umetupwa kona ambayo hukuitarajia. Unachora kwenye vipande hivyo, kwa Photoshop ukiwa na uwezo au kwa GIMP ambayo ni ya bure, kisha programu inavishona tena kwenye gamba. Mstari wa manjano uliouchora umenyooka kabisa kwenye picha bapa unaweza kukatika kwenye kona ya pua ya injini, kwa kuwa vipande viwili havikukutana sawasawa. Hapo ndipo usiku unapokwisha. Mimi nimejaribu, na ninakiri kwamba kona ya pua ya daraja la 73 ilinifundisha uvumilivu kuliko mlango wowote wa ofisi ya serikali.

Anayefanya kazi kwa mpango huanza na rangi tupu, halafu mistari, halafu maandishi, halafu uchafu, kila kimoja kwenye tabaka lake ili kiweze kuondolewa bila kuharibu kingine. Rangi tupu inaonekana rahisi. Si rahisi hata kidogo. Ile orodha ya viwango vya rangi vya Uingereza ina damu ya mzee yenye nambari 541, na mtu anaweza kuanzia hapo, lakini rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya ofisi na rangi iliyotoka kwenye kopo la karakana ni vitu viwili. Isitoshe, simuleta ina jua lake. Inatupa mwanga na kivuli chake yenyewe kulingana na saa ya mchezo. Ukinakili rangi kutoka kwenye picha iliyopigwa saa sita mchana ukaibandika ilivyo, jua la Dodoma litaangaza mara mbili: mara moja la mpiga picha, mara ya pili la kompyuta, na injini itatoka imepauka. Inabidi kwanza uitoe picha jua lake. Tafuta ndani yake kitu unachokijua kuwa ni cheupe, kwa mfano shati la mtu aliyesimama jukwaani, uone limeegemea manjano au buluu kiasi gani, kisha uirudishe picha nzima kwa kipimo hicho. Shati la abiria asiyejulikana jina ndilo linaloamua rangi ya treni.

Picha zenyewe ni mashahidi wenye kigugumizi. Nyingi za miaka ya 1950, zikiwemo zilizochapishwa kwenye jarida la shirika, Spear, ni nyeusi na nyeupe. Filamu za zamani zaidi zilikuwa haziioni nyekundu, zikaitoa karibu nyeusi. Injini ya damu ya mzee na injini nyeusi zikawa kitu kimoja. Za rangi zilizopigwa na watalii na wapenzi wa treni zinategemea filamu iliyotumika. Kodachrome iliyohifadhiwa gizani bado inasema kweli baada ya nusu karne, ilhali filamu nyingine nyingi zimegeuka waridi zikiwa kabatini. Hata stempu zinaweza kusaidia: mwaka 1976 posta ya Afrika Mashariki ilitoa stempu za usafiri wa reli. Ila mchoraji wa stempu hupenda kupendezesha, na mimi ningeamini stempu kwa umbo la mstari tu.

Na makumbusho? Watu hudhani injini iliyo makumbusho ndiyo jibu la mwisho, kwa kuwa unaweza kuigusa. Injini ya makumbusho imepakwa rangi upya mara kadhaa na mafundi wenye nia njema na kopo lililopatikana mjini. Ningeiamini kwa vipimo: urefu wa herufi, nafasi kati ya kibao na mlango, idadi ya ribiti kati ya mstari wa juu na wa chini. Ribiti hazidanganyi, kwa sababu hakuna anayezihamisha. Ukijua umbali kati ya ribiti mbili, picha yoyote iliyopigwa kwa ubavu inageuka kuwa rula.

Baada ya hapo ndipo unapokuja uchafu, na hapa mafundi wengi wa nje waliowahi kugusa treni za Afrika huboronga. Wanazipaka kutu kila mahali, kana kwamba Afrika ni kutu. Dizeli inayofanya kazi haichakai hivyo. Moshi huacha weusi juu ya paa, nyuma ya bomba, na ukungu wake hushuka ubavuni kufuata upepo wa mwendo. Kwenye tundu la tangi la mafuta pana doa linalong'aa, lenye vumbi lililogandamana. Chini, kwenye magurudumu, vumbi la chuma cha breki hufanya kahawia iliyokauka. Vyuma vya kushikia vya kupandia kwa dereva vimekwanguliwa na viganja vya mikono mpaka chuma kinaonekana, na ngazi ya chini hivyohivyo. Kisha kuna nchi yenyewe: vumbi jekundu la Itigi na Tabora, ambalo mvua za Kigoma za Novemba mpaka Aprili huliosha nusu na kuacha michirizi. Injini iliyofika Kigoma Septemba na iliyofika Machi hazifanani, hata kama ni moja.

Maandishi ya ubavuni nayo yana historia yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mali ya reli ikagawanywa mara tatu, na Tanzania ikaunda shirika lake, TRC. Herufi za EAR zilianza kufutwa ubavuni. Baada ya miaka 30, Oktoba 2007, reli ikawekwa mikononi mwa kampuni ya TRL, ambayo hisa zake 51 kwa 100 zilikuwa za RITES ya India, na herufi zikabadilika tena. Ubia huo haukudumu. Sheria ya mwaka 2017 ikalirudisha jina la TRC. Kwa hiyo kichwa kimoja cha daraja la 88 kilichotoka Montreal mwaka 1972 kingeweza kuvaa EAR, TRC, TRL, na TRC tena, huku kikivuta mabehewa yaleyale kwenye mataruma yaleyale. Sijui kitabu cha siasa ya uchumi kinachoieleza safari hiyo kwa ufupi zaidi ya mtu atakayeziweka sura nne za injini hiyo moja kwenye folda moja ya Open Rails, kila moja na mwaka wake.

Hapo nyanda hizi zinaingia kwenye hadithi, na si kwa kulazimishwa. Kasulu na Kibondo kwa miongo mingi zilikuwa ghala la nguvu kazi. Waha waliteremka kutoka huku kwenda kupanda treni kuelekea mashamba ya mkonge. Tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba, SILABU, wakaitwa manamba. Mzee wa Muyama aliyekwenda Tanga kama manamba aliiona reli kwa muda mrefu kuliko watalii wote waliowahi kuipiga picha. Aliilalia, aliisubiri, alishuka nayo Tabora kutafuta chai. Ila huyo ni shahidi wa mvuke. Shahidi wa dizeli ni mwanawe: mwanafunzi aliyepangiwa sekondari Tabora au Dodoma, akapewa waranti ya reli na wizara, akabeba sanduku la bati mpaka stesheni ya Kigoma. Aliyekaa kwenye jukwaa lile kwa saa kadhaa akingoja kichwa kifungwe mbele ya mabehewa amekihifadhi kichwa hicho mahali fulani akilini, hata kama hajui.

Namna ya kumuuliza ndiyo yenye mashaka. Ukimwambia, "Shikamoo mzee, ile treni ilikuwa rangi gani?" atakujibu rangi ya treni aliyoiona mwisho, au rangi anayodhani unaitaka. Watu wazima wenye adabu hawapendi kumvunja moyo kijana aliyetoka mbali. Heri umpe kadi zenye rangi kumi zinazokaribiana, umwache azipange mwenyewe, na usimwonyeshe picha yoyote kabla hajamaliza. Muulize mambo ya pembeni: alikuwa amevaa nini siku hiyo, na je, shati lake la shule lilichafuka alipoegemea behewa? Rangi ya mafuta iliyozeeka juani huota unga, na unga huo hubaki kwenye nguo. Mtu anaweza kusahau treni akakumbuka fimbo aliyopigwa na mama kwa ajili ya lile shati.

Mafundi wa karakana ni hazina kubwa zaidi. Dizeli zetu zilihudumiwa Morogoro, na mtu aliyepaka rangi pale anajua ambalo picha haiwezi kulisema: tabaka ngapi, kopo lilitoka wapi, na lilipokosekana walichanganya nini. Maandishi yalichorwa kwa mkono au kwa bati lililokatwa herufi, na kila fundi alikuwa na mkono wake. Anayetaka kuiga herufi hizo asikimbilie fonti iliyoko kwenye kompyuta. Azichore upya moja moja kutoka kwenye picha, na R ya fundi yule ikiwa na mguu mfupi, aiache na mguu wake mfupi.

Kuna watakaouliza kama hii si kazi ya watoto, kuchora treni ya mchezo wakati treni yenyewe imechelewa. Juni 14, 2024, treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Kitakapokamilika, dizeli za reli ya mita moja hazitakuwa tena sura ya kwanza ambayo mtoto wa Kigoma anaiona akisikia neno treni. Ninaifurahia reli mpya. Lakini ninajua pia kinachotokea kwa chuma cha zamani kipya kikifika, na sijawahi kusikia mnada wa chuma chakavu uliosimamishwa ili mtu apime upana wa mstari.

Kijana wa Muyama anayetaka kuanza ana haja ya kompyuta ya kawaida, Open Rails, GIMP, umbo la YDM-4 lenye ruhusa ya mwenyewe, na uamuzi mmoja: mwaka. Asiseme "treni ya zamani". Treni ya zamani haikuwahi kuwepo, ilikuwepo ya Machi mwaka fulani. Ningemshauri aukwepe kwanza mwaka 1976. Ndio mwaka ambao daraja la 73 lilikuwa likishuka melini likinukia rangi mpya huku shirika la pamoja likiwa hai kisheria na limeshaanza kugawanyika kivitendo, na kila herufi atakayoiandika ubavuni itabishaniwa. Achukue 1985. TRC ilikuwa imesimama, 88 na 73 zilikuwa zikifanya kazi njia nzima, na waliosafiri nazo kwa waranti wakiwa na miaka 16 au 17 leo ndio walimu wakuu na makatibu wa vyama vya ushirika wanaokaribia kustaafu au waliostaafu jana. Wako kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja. Wengi walipiga picha ya kuagana pale jukwaani, wamesimama mstari mmoja na masanduku yao, na nyuma ya mabega yao kuna kipande cha ubavu wa treni.

Aombe wairushe picha hiyo bila kuikata pembeni.